Makopa ya Mama Shaban

Mwanaima alikuwa angali anatembea. Hilo ndilo jambo la kwanza Mikidadi alilolitazama aliposhuka kwenye baiskeli uani kwa mama yake, kabla hajatoa salamu, kabla hajafuta vumbi la njia usoni. Mdogo wake alitoka nyuma ya jiko na kata ya maji mkononi, na Mikidadi akamtazama miguu tu, mpaka alipohakikisha kwamba nyayo zote mbili zinakanyaga chini sawasawa. Ndipo akashusha pumzi.

"Kaka, mbona unanitazama kama mbuzi wa kununuliwa?" Mwanaima alimwuliza.

"Naona umerefuka."

"Nirefuke kwa kula nini?"

Mama yao, Bi Mwamini, alicheka kidogo kutoka jikoni, kicheko kisichofika popote. Chini ya upenu, juu ya mkeka, alilala Salimu, aliyemfuata Mikidadi kuzaliwa. Salimu hakuinuka kumpokea kaka yake. Wiki chache zilizopita alikwenda kuchimba muhogo akiwa mzima, akarudi akitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana kama ya mtu anayecheza, na watu waliokutana naye njiani walicheka wakidhani anafanya mzaha. Asubuhi yake alihitaji fimbo. Kesho yake fimbo haikutosha.

Namitule ni kijiji kidogo, ng'ambo ya Matambarale, na mwaka ule kilikuwa kimekosa mvua mara ya pili mfululizo. Wazungu wa mashamba ya karanga walikuwa wamekwisha kushindwa, matrekta yao yakiota kutu kule Nachingwea, na vijana waliokuwa wakipata vibarua huko walikuwa wamerudi nyumbani kuongeza midomo. Mtama ulikufa ungali mchanga. Mihogo mitamu ililiwa na nguruwe na nyani. Uliobaki ardhini ni muhogo mchungu, ule ambao hata nguruwe akiuonja huuacha.

Kisha ukaja ugonjwa wa miguu. Haukuwa na homa, haukuwa na kikohozi, haukumtoa mtu akili. Uliwachukua wanawake na watoto zaidi kuliko wanaume, ukawakaza miguu, ukawaacha hivyo hivyo. Haukuua, na haukupona. Wengine walisema ni upepo mbaya, wengine walisema kisima kimeingiwa na jini. Mikidadi hakusema lolote, kwa sababu alikuwa mwanafunzi wa kazi za afya katika hospitali ya Nachingwea, na watu wa kwao walikuwa wakimtazama wakingoja aseme.

*

Aliyekuwa akimfundisha ni Mganga Felisian, mtu mrefu wa upande wa Masasi, mpole, aliyependa kucheza bao jioni hata na wagonjwa. Mikidadi alipompelekea habari za Namitule mara ya kwanza, alimweleza kila kitu alichojua kuhusu Salimu: alivyoanza, alivyoanguka, jinsi goti lake linavyoruka ukiligonga.

Felisian alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na jirani yake?"

"Jirani yake haumwi, Bwana."

"Sasa mbona hukumwuliza?"

"Nimwulize nini? Ni mzima."

"Kijana, kila mtu humtazama mgonjwa. Mgonjwa atakwambia anavyoumwa mpaka uchoke, lakini hawezi kukwambia kwa nini ni yeye na si mwenzake. Habari hiyo anayo mwenzake. Na mwenzake haji hospitali."

Akalivuta bao lake, akaziondoa kete zote, akamwonyesha mashimo manne yaliyokaa pamoja, mawili juu na mawili chini.

"Tuseme unakishuku kisima. Shimo hili tia wagonjwa waliokunywa maji yake. Hili la pembeni, wagonjwa wasiokunywa. Huku chini, wazima waliokunywa, na hapa, wazima wasiokunywa. Kete moja, mtu mmoja. Watu wengi hulijaza shimo la kwanza tu, wakaondoka wakishangilia kwamba wamemkamata mwizi."

"Na haya matatu?"

"Haya matatu ndiyo kazi yako. Shimo moja peke yake huthibitisha lolote unalotaka."

Mikidadi aliyatazama yale mashimo kwa muda mrefu. Alikuwa kijana wa kuamini. Tangu shuleni aliamini kwamba duniani hakuna jambo baya lisilokuwa na mlango, na kwamba anayetafuta mlango kwa subira ataupata. Usiku ule hakulala vizuri, ila kwa furaha. Alijiona amepewa ufunguo.

Alimwuliza Felisian, "Nikiipata sababu, nitaweza kumwokoa mdogo wangu? Yule wa kike, ambaye bado hajaanguka?"

"Ukiipata mapema," alisema Felisian. "Kwa Salimu tumechelewa. Nenda kaulize."

*

Basi akaenda. Alifunga kwenye baiskeli mfuko wa unga wa mahindi, posho yake ya hospitali, akisema moyoni kwamba walau Mwanaima atakula chakula cha kueleweka wakati yeye anauliza. Alimkabidhi mama yake. Jioni alipokaa kula aliletewa ugali wa muhogo.

"Mama, unga wa mahindi uko wapi?"

"Nimegawa."

"Umegawa? Wote?"

"Baiskeli yako ilipita mbele ya milango ya watu ikiwa na mfuko. Watoto wakaufuata mpaka hapa uani. Ulitaka niwafukuze kwa ufagio?" Bi Mwamini alimsogezea bakuli la majani ya kisamvu. "Mwanaima alipata kibaba chake kama wengine. Kula."

Mikidadi alikula. Ugali ulikuwa na ladha kali iliyobaki ulimini, na usiku kichwa kilimwuma. Hakulitilia maanani. Mtu aliyepanda baiskeli siku nzima juani haoni ajabu kuumwa kichwa.

Kesho yake alianza kuuliza. Alipita nyumba zenye wagonjwa na nyumba zisizo na wagonjwa, akauliza maswali yale yale: mnachota wapi, mnalala wangapi, nani alianguka kwanza, mnakula nini. Nyuma ya nyumba ya mama yake alichimba mashimo manne mchangani, akatia mbegu za ubuyu. Dhana ya kisima ilianguka siku hiyo hiyo. Wagonjwa wengine walikunywa maji yake na wengine hawakunywa, na wazima vilevile. Mashimo yakajaa yote, na lililojaa kote kote halisemi kitu. Akajaribu ukaribu, kwamba pengine ugonjwa unatoka mtu kwa mtu kama ndui. Hapo alipiga hatua nzuri mpaka alipofika nyumba ya Zaitun, ambaye kila mtu alimwita Mama Shaban.

Nyumba ya Mama Shaban ilikuwa katikati ya kijiji, imezungukwa na nyumba zenye wagonjwa pande zote. Mumewe Kaimu, mjomba wake Mikidadi kwa upande wa mama, alikuwa amefariki mwanzoni mwa kiangazi. Kijiji kizima kililala matanga pale. Kama ugonjwa ungekuwa wa kuambukizana, hakuna nyumba iliyostahili kuupata zaidi kuliko hiyo. Lakini watoto wake wote walikuwa wazima, na yeye mwenyewe alikuwa mzima.

Mama Shaban alikuwa amekaa eda. Hakutoka nje, hakwenda shamba wala kisimani, na hakuonana na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Mikidadi aliketi nje ya mlango, na mkeka ukining'inia baina yao.

"Hodi, Mama Shaban."

"Karibu, baba. Kaa hapo hapo. Unajua hali yangu."

"Poleni na msiba."

"Tumepoa. Habari za Salimu?"

"Yupo vile vile." Mikidadi alikohoa. "Mama Shaban, nimekuja kuuliza watoto wanakula nini."



"Nani amekutuma kwangu na swali hilo?"

"Hakuna. Nauliza nyumba zote."

"Nyumba za wenzangu umeuliza wameumwaje. Kwangu unauliza tumekula nini."

Mikidadi aliona hana pa kukwepea. "Ni kwa sababu kwako hakuna aliyeumwa."

"Basi usilitamke kwa sauti, mwanangu. Mwaka huu mwenye watoto wazima anawakataza kukimbia mbele za watu. Shaban wangu nimemwambia akipita kwa wenzake apite polepole, akokote mguu kidogo. Unadhani napenda kumfundisha mtoto kilema?"

 Mikidadi alisikia mwanamke yule akiinuka, kisha akisukuma kitu chini ya mkeka. Kilikuwa kipande cha muhogo, cheupe, kikavu, chepesi kama kuni iliyoliwa na mchwa.

"Hicho ndicho tunachokula. Marehemu alimenya nusu ya shamba baada ya mavuno ya mwaka jana, akaanika mpaka makopa yakawa yanalia ukiyagonganisha. Alitaka kuyapeleka Ruangwa kwa wanunuzi. Mungu hakutaka. Nami siwezi kwenda sokoni, siwezi hata kwenda shamba kuchimba muhogo mbichi. Basi yako darini, Shaban hupanda kuniteremshia. Tunakula mali ya maiti."

Mikidadi alikivunja kile kipande, kikakatika kwa mlio. Akanusa, hakikunuka kitu. Akakumbuka unga wa mama yake, ulivyokuwa na unyevu kinuni, ulivyokuwa ukinuka ule ukali wa muhogo ulio hai bado, na jinsi kichwa kilivyomwuma.

"Mama Shaban, wanawake wengine wanatwanga muhogo baada ya kuuanika kwa muda gani?"

"Kawaulize wao," alisema Mama Shaban. Halafu, taratibu: "Zamani tulianika mpaka mwezi unakwisha. Sasa nasikia vinu vinalia asubuhi, na jioni ya siku ile ile nasikia harufu ya ugali. Muhogo wenyewe nao ni wa ukame. Mwaka usio na mvua uchungu huzidi."

Mikidadi alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa akitaka kukimbia kwenye mashimo yake.

"Mikidadi," aliitwa kutoka ndani. "Ukishajua, utamwambia nani?"

"Nitawaambia watu wote, Mama Shaban."

"Wote," alirudia yule mwanamke.

*

Mashimo yalijibu safari hii. Waliokula unga uliotwangwa ungali mbichi walijaa shimo la wagonjwa. Wazima wengi nao walikuwa katika shimo la waliokula, kwa kuwa si kila aliyekula alianguka; lakini shimo la wagonjwa wasiokula lilikuwa tupu kabisa. Mikidadi alilitazama lile shimo tupu kama mtu anavyotazama kaburi lililokosa maiti. Vijana waliokuwa Nachingwea kwenye vibarua hadi juzi hawakuwa na ugonjwa. Watoto wanyonyao hawakuwa na ugonjwa. Nyumba ya Mama Shaban haikuwa na ugonjwa. Yote yalikaa mahali pake.

Alimwambia mama yake kwanza, kwa furaha ambayo baadaye aliionea aibu.

Bi Mwamini alikuwa akitwanga. Hakuacha. "Kwa hiyo umekwenda shule, ukafundishwa na Mganga, ukaja kutuambia muhogo mchungu uanikwe."

"Mama, ndio unaokaza miguu ya watu!"

"Nani katika Namitule hajui kwamba muhogo mchungu uanikwe? Mimi niliambiwa nikiwa mdogo kuliko Mwanaima. Jua lipo tele, Mikidadi, tazama juu. Jua halijatuhini. Tunachokosa ni siku. Nikiuanika huu mpaka ukauke, hizo siku zote katikati tule nini?"

Mchi ulipanda na kushuka.

"Mwenye njaa hana miiko," alisema Bi Mwamini. "Niambie kingine cha kuwapa, nikiache hiki sasa hivi. Nitakimwaga mbele yako."

Mikidadi hakuwa na kingine. "Basi nimchukue Mwanaima, twende naye Nachingwea."

"Salimu hawezi kutembea. Mimi goti langu la kushoto linatetemeka tangu juzi, sikukwambia. Mwanaima akiondoka, nani atatuchotea maji?"

Siku iliyofuata Mikidadi alirudi Nachingwea. Felisian alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akamshika mikono yote miwili.

"Kijana, umefanya vizuri. Umefanya vizuri sana. Wengine wangesema ni jini mpaka leo."

"Na chakula, Bwana?"

"Nitawaandikia wakubwa. Wataandikiana. Mahindi yatakuja." Felisian alitazama chini. "Sisemi yatakuja wiki hii. Lakini wewe rudi ukawaambie watu. Mtu akijua kinachomwangusha, atapata akili ya kukikwepa. Hilo mimi naliamini."

Mikidadi naye aliliamini. Wote wawili walikuwa watu wema.

*

Ijumaa, baada ya sala, jumbe Adinani alimpa nafasi ya kusema mbele ya msikiti. Wanaume waliketi uani, wanawake wakasimama nyuma ya ua wa makuti. Wagonjwa waliletwa wakibebwa. Mikidadi alisema kwa maneno rahisi, kama alivyofundishwa. Aliwaeleza jinsi alivyouliza wagonjwa na wazima, jinsi kisima kilivyotoka mashakani, jinsi unga mbichi ulivyobaki peke yake. Mtu mmoja akapaza sauti, "Kwa hiyo, Bwana Afya, tunatiliwa sumu na wake zetu?" Watu wakacheka.

Kutoka nyuma ya ua mwanamke akajibu, "Leteni nyama basi, tuitie sumu hiyo!" Wakacheka zaidi.

"Hakuna anayemtilia mtu sumu," alisema Mikidadi. "Sumu imo ndani ya muhogo wenyewe. Ukikauka sawasawa, inatoka. Tazameni nyumba ya Mama Shaban. Wamekaa katikati yenu, wanakunywa maji yenu, na hakuna hata mmoja aliyeanguka. Ni kwa sababu wanakula makopa yaliyokauka."

Kicheko kilikoma. Alikuwa amelitaja jina ili maneno yake yashikike, kama Felisian alivyosema kwamba mfano mmoja wa karibu unazidi mashauri kumi. Aliona nyuso zikigeuka, moja baada ya nyingine, kuelekea nyumba iliyo katikati ya kijiji.

Jumbe Adinani alikuwa mtu wa haki. Mjukuu wake mwenyewe alikuwa amelazwa pale kwenye mkeka. Alimwuliza kwa upole, "Makopa hayo bado yapo?"

"Yapo, mzee, lakini si hayo tu. Ni makopa yoyote yaliyokauka."

"Hayo yoyote yako wapi?"

Mikidadi alitazama nyuma ya ua wa makuti, walikosimama wanawake.

"Nakuuliza, mjukuu wangu. Katika Namitule hii, ukiacha kwa Mama Shaban, makopa yaliyokauka yako nyumba gani?"

"Hayapo, mzee."

"Basi ni hayo," alisema Adinani, akainuka.

Hawakwenda kwa fujo. Hilo ndilo lililomwumiza Mikidadi kupita yote, kwamba hapakuwa na mtu wa kumchukia. Walikwenda wakiwa wametawadha, wakiwa na vikapu, na wazee wakabisha hodi kwa adabu. Adinani alisimama mbele ya mkeka uliokuwa ukining'inia, akasema, "Mke wa marehemu, tuwie radhi. Mji unaumwa, na kinga imeonekana kwako. Kinga haiwi ya nyumba moja."

"Mzee, nina watoto," sauti ilisema ndani.

"Nasi tuna watoto."

"Si dawa hiyo! Ni chakula! Ni chakula tu, mzee!"

"Sasa kwa nini wako hawakuanguka?"

Mama Shaban hakuweza kutoka. Angetoka, angekuwa amevunja eda ya mumewe mbele ya kijiji kizima, na hata hapo asingeizuia mikono mingi vile. Wanawake wawili wakaingia. Dari ilikuwa dhaifu, nao walikuwa watu wazima. Wakamwomba Shaban apande. Shaban alipanda, mwepesi, akasahau kukokota mguu, akawapa makopa yale kipande kwa kipande.

"Sikilizeni!" Mikidadi alipiga kelele. "Mkigawana hivi hayatamsaidia mtu! Yatakwisha kwa mlo mmoja, na hawa watoto mtakuwa mmewaingiza katika ugonjwa! Yaacheni, tuanike mapya, mimi nitakwenda kuomba unga wa kungojea—"

"Baba," kikongwe mmoja alimpapasa mkono, "usihangaike. Umekwisha kutuonyesha. Mungu akulipe."

Waligawa kwa haki. Kila nyumba ilipata sawa na wenzake, na vipande vilivyozidi vikapewa wasiojiweza. Wako waliosaga na kuchanganya na mafuta ya ufuta, wakachua magoti. Wako waliofunga kipande kwa uzi kwenye kifundo cha mguu. Bi Mwamini, aliyejua kama mwanawe alivyojua, alimfungia Salimu kimoja mguuni hata hivyo, na vilivyobaki akatwanga, akampikia Mwanaima ugali mdogo mweupe.

"Mtamu," alisema Mwanaima, akilamba vidole. "Kaka, huu hauchomi koo."

Mikidadi alitoka nje.

*

Mwezi ulipoandama alirudi Namitule. Mahindi hayakuwa yamekuja. Felisian alikuwa ameandika mara ya pili, na safari hii aliandika peke yake, bila kumwita Mikidadi asome. Kijijini vinu vilikuwa vikilia kama kawaida. Katikati ya kijiji alimwona Shaban akija, mkono mmoja ukutani, vidole vikikwaruza vumbi, magoti yakigongana. Mikidadi alitumaini kwa pumzi moja kwamba mtoto anafanya kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha Shaban akaanguka, akajaribu kuinuka, akashindwa.

Mikidadi alimbeba mpaka mlangoni, akamweka chini mbele ya mkeka.

"Mama Shaban."

Akapiga magoti kando ya mtoto.

"Mama Shaban, nimekuja kuomba radhi."

"Mpitishe mtoto chini ya mkeka," sauti ilisema, "kisha uende."

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Hakupangusa vumbi, hakuketi. Bi Mwamini alimwangalia usoni, akaelewa, wala hakungoja aombwe.

"Mchukue," alisema. "Maji nitachota mwenyewe."

"Utawezaje, mama, na goti hilo?"

"Nimesema mchukue."

Mwanaima alifunga kanga yake ya pili katika kifurushi, akamwambia Salimu kwamba atamletea biskuti kutoka maduka ya Nachingwea, akapanda nyuma ya baiskeli akiwa amepanua miguu kama mvulana. Alizungumza njia nzima. Aliuliza kama ni kweli hospitalini kuna chuma kinachosikia moyo, na kama Mganga Felisian ana mke, na kama trekta lililokufa mtu anaweza kupanda juu yake akakaa. Mikidadi alikanyaga pedali na kumjibu, na maili zilivyozidi aliruhusu tumaini limrudie kidogo kidogo. Atamlaza chumbani kwake. Watakula posho pamoja. Huko hakuna mlango wa jirani wa kupita na mfuko.

Walipovuka Ruangwa walipumzika kivulini. Walipofika karibu na Naipingo jua lilikuwa limeinama, wakasimama tena. Mwanaima aliteremka, akaenda vichakani kujisaidia, akakawia.

"Vipi huko?"

"Nakuja. Miguu imekufa ganzi kwa hiki chuma chako."

Alitokea akishikilia matawi. Akavuka njia kwa hatua fupi fupi, akacheka mwenyewe, akashika kiti cha baiskeli na kujaribu kupanda kama alivyopanda asubuhi. Mguu haukupanuka. Akajaribu tena. Mapaja yalikuwa yamebanana kama yamefungwa kamba, na goti la kulia lilikuwa likitetemeka lenyewe, upesi upesi, kama la mtu anayesikia baridi.

"Ganzi," alisema Mwanaima. "Ngoja itoke."

Wakangoja. Mikidadi aliegemeza baiskeli kwenye mti, akachuchumaa mbele yake, akaligusa lile goti kwa kiganja. Akaanza kumwuliza, kwa sauti ya kazi aliyokuwa ameizoea, pasipo kutaka. Lilianza lini? Kichwa kiliuma? Jana alikula nini, na juzi, na siku ya kabla yake?

"Kaka, unaniuliza mimi?" alisema Mwanaima. "Si unajua?"

Mikidadi akaliachia lile goti. Alimwinua kwa kwapa, akamketisha upande kwenye kibebeo, miguu yote miwili ikielekea mkono wa kushoto, akaifunga kwa kanga isiingie kwenye spoki. Alimwambia ganzi itatoka. Kisha akashika usukani, wala hakupanda. Akaanza kuisukuma baiskeli kuelekea Nachingwea, taratibu, kwa kuwa kurudi hakukuwa na maana na kusimama hakukuwa na maana, huku mdogo wake akimwuliza tena habari za matrekta.